Kaburi Ndani ya Seva

Kabla hatujakodi seva yetu wenyewe, tulikuwa tunauawa na watu tusiowajua. Walituua kwa mashoka, kwa mishale, kwa bunduki ambazo sisi hatukuwa tumejua hata zinatengenezwaje. Mchezo wenyewe huanza hivi: unaamka ufukweni nusu uchi, jiwe mkononi, na ulimwengu mzima mbele yako wa kukata, kuchimba na kujenga. Sisi tulikuwa tunaanguka kabla ya kuufikia mti wa kwanza. Mashine zao zilikuwa Ulaya, karibu na nyumba zao. Sisi tulikuwa Arua na Koboko, miji jirani karibu na mpaka, na kila tulichofanya kilisafiri mbali kabla ya kuhesabika. Mara nyingi nilijificha nyuma ya mwamba, nikavuta pumzi, nikajiona niko salama, kisha nikafa. Risasi ilikuwa imenipata kitambo. Mwamba ndio uliochelewa kunificha.

Jambo hilo nililiwaza sana, kama ninavyowaza kila jambo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya kompyuta, nimerudi kukaa na mama chini ya mlima wa Arua. Huko juu kwenye ofisi za serikali nilipeleka maombi ya kazi, kisha nikashuka nikijiuliza kama nimeandika "Mheshimiwa" kwa mtu asiyestahili, kama bahasha ilikuwa na jasho la mkono wangu, kama mlinzi wa getini alinicheka au alikuwa anakohoa tu. Mtu wa namna hii hafai kupewa ulimwengu ausimamie. Lakini wenzangu wa mchezoni, walionijua kwa jina la kubuni tu, walipochoka kuuawa na Wazungu na kuamua tuchangiane tukodi seva ya kwetu, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesoma maelekezo mpaka mwisho.

Kukodi kwenyewe kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Unalipa, nao wanakutengea mashine ndani ya jengo la Nairobi ambalo hutaliona maishani, na ndani ya mashine hiyo unakabidhiwa nchi tupu: bahari, milima, mbuzi mwitu, jua. Anayeingia anaingia kwa nywila uliyompa wewe. Kisha kuna ukurasa wa mipangilio, swichi juu ya swichi, na kila swichi ni swali. Je, marafiki waweze kuumizana? Je, anayekufa apoteze kila kitu? Je, nyumba ya mtu iweze kubomolewa wakati mwenyewe hayupo? Nilikaa na swichi hizo siku nyingi kuliko nilivyowahi kukaa na mtihani wowote.

"Dada, weka yote," aliniambia jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake ilitenganishwa na ua wetu kwa mabati tu. Alikuwa mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa. "Sisi nataka vita. Hapana shamba ya kuku."

Basi niliweka yote. Halafu, kwa kuwa siwezi kuacha kitu bila kukiongezea woga wangu, nikaweka sheria moja ya kwangu: ndani ya seva hakuna kutaja jina lako la kweli, wala ukoo, wala kijiji, wala dini. Nilijua wangeingia vijana wa bodaboda wa Arua, na watoto wa wanajeshi wa Koboko, Waislamu na Wakristo, na nilikuwa nimesikia vya kutosha nyumbani kuhusu mababu walivyofanyiana vitani. Niliona kwamba tukiwa na majina ya kubuni tu, kifo kitabaki cha mchezo. Sheria ile ilinifaa mimi pia. Hakuna aliyejua kwamba msimamizi wa seva ni msichana anayechambua maharage uani kwa mama yake. Watu wawili tu walijua: fundi, aliyekusanya michango ya Arua, na ndugu yangu wa Koboko, aliyekusanya ya huko.

Ndugu huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo, aliyeolewa Kuluba, karibu na Koboko. Analima mihogo na tumbaku, na alikuwa akicheza kwa laptopu ya mitumba katika kibanda kimoja cha Koboko chenye sola na intaneti. Babu yake alikuwa mwanajeshi, baba yake mwanajeshi. Yeye hakuwa mwanajeshi, lakini alisema kwa ufupi kama mtu anayepokea amri, na nilichokuwa nakijua juu yake tangu utotoni ni kwamba akisema atafanya, hufanya.

Msimamizi anaweza kuruka angani bila kuonekana. Hivyo ndivyo nilivyoishi ndani ya seva: juu yao, kimya, nikitazama. Niliona walimu na wauza simu wakichomana ndani ya nyumba za mbao na kusubiri mlangoni na mapanga ili anayetoka akatwe. Niliona mtu mmoja wa Arua, ambaye najua hawezi kuchinja kuku, akimfuata aliyejeruhiwa mtoni, akimpiga jiwe kichwani mpaka maji yakabadilika rangi, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti nzuri kabisa. Waliweka mafuvu kwenye miti. Waliitana mende, mbwa, chakula cha samaki. Kisha jioni nilikutana nao mjini wakinisalimia kwa heshima, bila kujua kwamba nimewaona, na nilikuwa nawaza: huyu ni yule wa mtoni, je, mkono anaonipa ni ule ule?

"Wewe unakaa juu kama malaika," ndugu yangu aliniambia mara moja kwenye simu. "Unaangalia watu nakufa. Shuka siku moja ufe na sisi."

Nilicheka, nikabadilisha mazungumzo.

Yeye alijenga nyumba yake juu ya kilima, kaskazini kabisa mwa ramani, nyumba ndogo ya mawe. Sikuielewa mpaka nilipoona kitu alichojenga nje yake. Kwa siku nzima alisimama pale bila kukata mti wala kuwinda, akitazama jua la mchezo linapotoka na linapozama. Kisha akapanga mawe, marefu kiasi cha mtu aliyelala, akayapaka saruji, akazungushia ua. Aliponipigia alisema tu, "Nimetafuta Makka. Jua ya huko inatoka mashariki kama ya kweli."

Nilijua alichokuwa anasema. Baba yake alikufa vitani ng'ambo ya mpaka, yeye akiwa mdogo. Wenzake walikuwa wanakimbia huku risasi zikiwafuata, wakamwacha kando ya njia. Hakuna aliyerudi kumzika, na baadaye hakuna aliyeweza kusema ni njia ipi. Kwetu makaburi yapo uani, unayapita ukienda kuchota maji, watoto wanakaa juu yake wakila muwa. Ua wao wa Kuluba una kaburi la babu, kando yake nafasi iliyoachwa, na hakuna kitu. Alikuwa amekataa kujenga kaburi tupu juu ya udongo wa kweli. Alisema huo ungekuwa uongo mbele ya bibi zake. Ndani ya seva, ambamo kila kitu ni cha kubuni, lile kaburi halikuwa uongo. Lilikuwa kaburi pekee alilokuwa nalo.

"Naweza kuandika jina yake?" aliniuliza.

Nilifikiri. Nikamwambia sheria ni sheria, hata kwangu, hata kwake.

Kwa hiyo kaburi likabaki bila jina. Na katika mchezo ule, boksi refu la mawe lisilo na jina, lenye ua, ambalo mwenyewe halisogei mbali nalo, lina maana moja tu kwa kila mchezaji: chini yake pamefichwa bunduki.

Fundi aliona hivyo. Siku nyingi alikizunguka kilima kwa mbali, nami nikamwona, nikadhani anawinda. Adhuhuri moja, ndugu yangu akiwa shambani Kuluba, fundi na wenzake wawili walipanda kilima na baruti. Walimuua mbwa wa ulinzi. Walivunja ua. Bomu la kwanza lilipasua saruji, la pili likarusha mawe mpaka bondeni. Nilikuwa juu yao, nikiona kila kitu, kidole changu kikiwa karibu na kitufe cha kuwatoa wote watatu nje ya seva. Lakini hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Nilikuwa bado nawaza hivyo wakati moshi ulipoondoka na shimo likaonekana, tupu.

Fundi aliwasha maikrofoni, seva nzima ikamsikia.

"Hakuna kitu! Mawe tu! Jamani, mwenye hapa nalinda mawe! Miezi yote nalinda mawe kama mke!"

Walicheka wote, Arua na Koboko. Kisha wakajisaidia ndani ya shimo. Mchezo unaruhusu hilo pia.

Ndugu yangu aliingia saa ya jioni, akaona. Kuna mtu alimsimulia, kwa kumchokoza, maneno yote yaliyosemwa. Alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ile mukono iliweka bomu," alisema, "mimi nakata."

"Ni mchezo," nilisema.

"Niambie yeye nani."

"Siwezi. Nina njia nyingine. Nipe muda nifikirie."

"Wewe fikiria. Mimi nakuja."

Alifika kesho yake asubuhi, vumbi la Kuluba likiwa bado kwenye kope. Mama alikuwa ameenda sokoni. Nilimpa kiti, akakaa. Nikampa maji, akayakataa, na hapo niliogopa kweli, kwa sababu hajawahi kukataa maji nyumbani kwetu. Nilimweleza haraka haraka. Seva hujiwekea nakala ya ulimwengu kila siku. Naweza kurudisha nakala ya kabla ya bomu, na kaburi litasimama kama lilivyokuwa, saruji ile ile, mbwa yule yule. Ila wote watapoteza walichokijenga tangu wakati huo, na kuna mmoja aliyemaliza daraja, kwa hiyo nilikuwa napima kama ni haki, na kama si haki, basi pengine kupiga kura...

"Wewe nataka kurudisha baba yangu na batani," alisema. "Kama hakuna kitu ilifanyika. Halafu ile mutu anatembea tu."

Ng'ambo ya mabati grinda ya kukatia chuma ikanyamaza, na kicheko kikapanda. Fundi alikuwa anamsimulia mteja. "Nakuambia miezi yote! Nalinda mawe kama mke!"

Ndugu yangu aligeuza shingo polepole.

"Nani huyo?"

Nilikuwa na majibu matatu. Niseme ni fundi tu. Niseme sijui. Niseme ni mtu mzuri, alitutengenezea mlango bure baba alipofariki. Nilikuwa bado nachagua alipoinuka. Panga la mama lilikuwa limekitwa kwenye gogo la kuni. Alilichomoa huku akitembea, kama mtu anayechukua kofia yake akitoka.

Fundi alikuwa amerudi kazini, miwani usoni, grinda inapiga kelele, cheche zinaruka. Hakusikia kitu. Pigo la kwanza lilipata geti alilokuwa analitengeneza, na cheche za panga zikachanganyika na zake. Mteja akaruka ukuta. Fundi aligeuka na grinda ikizunguka mkononi, na kwa kuogopa tu akaisukuma mbele; ikapita kwenye shati la ndugu yangu na kuchana ngozi ya tumbo, mstari mrefu uliofunguka mwekundu. Ndugu yangu hakurudi nyuma. Pigo la pili lilikata waya, grinda ikafa. La tatu lilishuka kwenye mkono wa kulia wa fundi, chini ya kiwiko.

Nilikuwa nimesikia panga likiingia kwenye nyama mara nyingi sana ndani ya seva. Waliotengeneza mchezo waliipa sauti ya kitu chenye maji kinachopasuka. Sauti ya kweli si hiyo. Ni ndogo, nzito, kama unakata mgomba mbichi, na baada yake kuna kimya kifupi ambacho mchezo hauna. Damu iliruka kwenye geti, ambalo lilikuwa limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na sikuweza kujua ipi ni ipi.

Fundi alianguka chali. Ndugu yangu akaweka mguu kifuani pake, akainua panga tena. "Weka mukono chini! Weka mukono yako hapa!" Nami nilisimama kwenye pengo la mabati. Nadhani nilikuwa natafuta swichi.

Hapo fundi akapiga ukemi.

Kwetu wanaume wana ukemi wao, wito mrefu wa sauti nyembamba unaopanda na kuvunjika, na kila ukoo una namna yake. Mtu huupiga akirudi amelewa, au kwenye mawindo, au kwenye msiba. Lakini mtu akiona anakufa hapigi wa baba zake. Hupiga wa wajomba, upande wa mama, kwa sababu damu yake ni mali yao na wao ndio watakaokuja kuidai. Fundi alifundishwa na mama yake angali mdogo. Aliupiga akiwa chini ya mguu wa mtu, damu ikimwingia sikioni, na sauti ya mtu yule mkubwa ikatoka nyembamba kama ya ndege.

Panga lilibaki hewani. Niliwahi kuona vitu vikiganda hivyo pale seva inapokwama.

"Hiyo umetoa wapi?" ndugu yangu aliuliza.

"Ya wajomba."

"Wajomba gani? Mama yako wa wapi?"

Fundi alitaja ukoo. Sitauandika, lakini ni ukoo wa ndugu yangu, wa baba yake na wa babu aliyelala uani kule Kuluba.

Nilikuwa najua mama yake fundi alitoka upande wa Koboko. Sikuwahi kuuliza ukoo. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo kila bibi wa kwetu humuuliza mgeni kabla hajakaa, na chuo kilikuwa kimenifundisha kwamba ni swali baya.

Wakati huohuo waendesha bodaboda walikuwa wamefika. Kituo chao kiko kwenye kona, na mteja alikuwa amepiga kelele. Hawakuuliza. Tofali la kwanza lilimpata ndugu yangu begani, la pili kichwani, akaanguka juu ya fundi, wakamburuta kwa miguu mpaka barabarani. "Mutu ya Koboko naua mutu! Leta tairi! Leta petroli!" Walimpiga mateke mbavuni, kwa zamu, bila haraka, na baadhi yao niliwatambua kutoka seva kwa namna walivyosimama wakingoja nafasi. Fundi alijiinua, mkono umening'inia, akaingia katikati yao akijigonga kwao kama mlevi.

"Muache! Huyo mjomba yangu!"

"Mjomba gani anakukata na panga?"

"Nasema mjomba yangu! Hapana ua mjomba yangu!"

"Mimi pia iko na mjomba," mmoja alisema, tofali bado mkononi, "lakini si ya namna hii." Mtu mwingine akacheka. Kicheko kile ndicho kilichowaachisha. Hawakuweza kuendelea kuua baada yake. Ndugu yangu alikuwa mdogo kwa fundi kwa miaka mingi, lakini kwetu wanaume wote wa ukoo wa mama ni wajomba, hata wenye meno ya maziwa.

Kwenye kliniki waliwalaza kwenye benchi mbili zilizogusana, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mkono ulishonwa, mfupa ulikuwa umeguswa lakini haukukatika, na vidole viwili havikujikunja tena tangu siku hiyo. Mama yake fundi alikuja kutoka Ombaci, alikoolewa, mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, viatu mkononi kwa sababu alikuwa amekimbia. Alimtazama mwanawe. Kisha akamgeukia ndugu yangu, ambaye jicho moja lilikuwa limefungwa kwa uvimbe, akampiga kofi kwenye uvimbe ule ule.

"Wewe mutoto ya nani?"

Ndugu yangu alitaja jina la baba yake.

Yule mama alikaa sakafuni. "Huyo alinibeba mgongoni," alisema. "Mutoto ya baba yangu mudogo. Alinibeba sisi nakimbia. Wewe mutoto yake?" Akamshika mguu, akakaa ameushika. Baadaye, aliposimuliwa habari ya kaburi, ilibidi nimweleze mimi, na nilieleza vibaya, nikianza na maana ya seva. Aliniachia niseme mpaka mwisho. Kisha akainuka akampiga mwanawe kofi pia, upande ulio mzima.

"Umelipua mjomba yako?"

"Mama, ilikuwa mawe."

"Kaburi gani haina mawe?"

Wazee walikuja kutoka Kuluba kudai damu ya mtoto wa dada yao, na walipokaa uani kwetu wakagundua kwamba anayedaiwa ni mtoto wao. Walibishana jioni nzima nani amletee nani mbuzi, mpaka mmoja wao akacheka akashikwa na kikohozi. Mwishowe mbuzi wakaliwa. Lakini kuhusu kaburi, yule mama ndiye aliyeamua, dada wa marehemu huyo asiye na mwili. Nilipomwambia kwamba naweza kulirudisha mara moja, alinitazama kwa huruma.

"Aliyevunja atajenga," alisema. "Na mukono yake."

Kwa hiyo alasiri moja tuliweka laptopu kwenye meza ya mama yangu. Fundi aliketi mbele ya moja, mkono wa kulia umefungwa kifuani, wa kushoto juu ya kipanya, akikiendesha kwa shida kama mtoto. Ndugu yangu alikaa na yake kando yake. Mama yake fundi alijibana katikati yao. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya mlango na ya kwangu, juu angani, kama kawaida.

Fundi alisafisha shimo kwanza. Kisha akaanza kubeba mawe kutoka bondeni, moja moja, akiyakosea, yakidondoka, akishuka tena. Seva nzima ikaona. Nilisoma wanachoandikiana: safari hii wamerudi na mzigo, safari hii kweli wanaficha kitu. Waliacha vita vyao vyote. Nikawaona wakitoka kila upande wa ramani, wa Arua na wa Koboko pamoja, wakipanda kilima na bunduki.

"Wanakuja," nilisema. "Wengi. Naweza kuzima vita. Ni swichi moja, hakuna atakayeumia, mtamaliza kwa amani."

"Usizime," ndugu yangu alisema.

"Lakini—"

"Wakati ya baba yangu, watu walikimbia sababu ya risasi. Hakuna mutu alisimama. Leo iko mutu anasimama. Wacha risasi ikuje."

Ikaja. Alimuua wa kwanza langoni, wa pili juu ya wa kwanza. Waliozaliwa upya ufukweni walirudi na hasira. Ua ukapasuliwa, mlango ukachomwa moto. Alipigana mlango hadi mlango, akipigwa, akijifunga bandeji, akipigwa tena, na nyuma yake fundi aliendelea kupanga mawe kwa mkono wa kushoto huku risasi zikikwangua saruji mbichi. Yule mama alikuwa amesimama kwenye kiti.

"Huyo! Huyo mwenye kofia! Piga yeye! Upande huu, mutoto, upande huu!"

"Shangazi, usinishike mukono!"

"Basi piga!"

Walikuwa wameingia upande wa mashariki, ambako hapakuwa na mtu. Niliwaona vizuri sana kutoka juu. Nilijua wangefika kaburini lini, na kwamba ndugu yangu asingegeuka kwa wakati. Nikajiuliza kama msimamizi anaruhusiwa, na kama si upendeleo, na watu watasema nini, na nikiwa bado najiuliza vidole vikabonyeza. Nikashuka.

Nilitua kati yao na kaburi, na bunduki niliyokuwa sijawahi kuipiga. Niliwasha maikrofoni kwa mara ya kwanza tangu tukodi seva.

"Ni kaburi!" nilipiga kelele. "Hakuna bunduki, ni kaburi la mtu!"

Risasi zikakoma.

"Admini iko dada?" sauti moja ilisema.

Kisha wakanipiga. Nilimpata mmoja, nikamwona akianguka, na kitu kibaya na kitamu kikanipita mwilini. Wa pili alinikata shingo. Niliamka ufukweni nusu uchi, jiwe mkononi, mbali sana, nikikimbia kuelekea moshi. Nilikufa tena njiani. Nilipofika kilimani mara ya tatu, maiti zilikuwa zimetapakaa mpaka bondeni, ndugu yangu amepiga goti na risasi zimemwishia, panga mkononi, na fundi alikuwa anapaka saruji jiwe la mwisho.

Yule mama alisogeza uso karibu na skrini. Aliuliza Makka iko upande gani, ndugu yangu akamwonyesha jua. Akasoma alichosoma, kwa sauti ya chini, viganja juu. Washambuliaji waliobaki walikuwa wamesimama nje ya ua wakisikia, kwa sababu maikrofoni yangu nilikuwa nimeisahau. Hakuna aliyepiga.

Usiku ule niliifuta sheria yangu. Sasa kaburi lina jina.

Vita vimeendelea, nadhani vimekuwa vikali zaidi. Juzi nilikuwa kilimani, kwa miguu, nikaona mtu wa Arua amemnasa mtu wa Koboko kwenye ua ule ule, mtutu umegusa kifua. Nilijibana nyuma ya ukuta.

"Mama yako wa wapi?" mwenye bunduki aliuliza.

Yule mwingine akataja. Mwenye bunduki akafikiri kidogo.

"Sisi hakuna undugu na hao," alisema. "Lakini toka kwa kaburi kwanza."

Akatoka, akazunguka kwa nje, bila kukanyaga saruji. Ndipo mwenye bunduki akampiga.